Mshtuko Uacheni, Hofu Msiiache

Mtoto akipepesa macho mfululizo, akirusha shingo au akiguna bila kikohozi, kila mtu mzima aliye karibu humwambia, "Acha hiyo!" Mtoto huyohuyo akigoma kwenda dukani kwa sababu anaogopa kusema na muuzaji, watu walewale husema, "Mwacheni, ni mpole tu." Mwanangu yuko darasa la nne na ana yote mawili: mishtuko, yaani hiyo miondoko na sauti zinazomtoka bila kukusudia, na wasiwasi. Naamini tunafanya kinyume. Kinachotakiwa kuachwa bila kukemewa ni mshtuko. Hofu ndiyo ya kushughulikiwa.

Mishtuko hii si utundu, wala si mapepo. Wala si kifafa; mtoto anakuwa na fahamu zake zote. Daktari Mfaransa, Georges Gilles de la Tourette, aliandika habari za wagonjwa tisa wa namna hii mwaka 1885, na ndiyo maana hali hii ikiwa ya mwili na ya sauti, tena ikadumu zaidi ya mwaka, huitwa Tourette. Mara nyingi huanza mtoto akiwa na miaka 5 hadi 7, hupamba moto kwenye miaka 10 hadi 12, halafu kwa wengi hupungua wanapokua. Uchovu huizidisha. Wasiwasi huizidisha. Kukodolewa macho na kukemewa pia.

"Mbona darasani anaweza kujizuia?" Swali hili nimeulizwa sana. Ndiyo, anajizuia kwa muda, kama mtu anavyozuia chafya, lakini akili yote inakuwa kwenye kuzuia, na hesabu za ubaoni zinampita. Akifika nyumbani, hata viatu hajavua, shingo inaanza kuruka, mshtuko mmoja baada ya mwingine. Hatusemi neno. Dada yake anaendelea kuchambua mchicha, mimi naendelea na jiko, naye anakaa kibarazani mpaka mwili utulie. Hapa kwetu hana haja ya kujificha, nami nataka iwe hivyo.

Hofu ni habari nyingine, na ndiyo inayonichosha zaidi. Jumapili jioni anafungua begi kuangalia daftari la hisabati, analifunga, analifungua tena. Anawaza: Mwalimu akiniita ubaoni je? Wakinicheka je? Jumatatu asubuhi tumbo linauma, na linauma kweli, hadanganyi. Moyo wa mzazi unasema abaki nyumbani. Mimi simbakizi. Kila anapokwepa, hofu inapata nguvu, na wiki inayofuata inadai zaidi.

Ila simsukumi tu akapambane peke yake. Dukani kwa Mangi tulianza mimi nikiagiza, yeye akitoa hela. Baadaye akaagiza mwenyewe nikiwa pembeni yake: "Naomba unga nusu." Siku hizi nasimama kwenye kona. Sauti bado inatetemeka, lakini unga unafika nyumbani, na anarudi akitembea tofauti kabisa.

Tiba ipo. Mtoto anaweza kufundishwa kutambua ule msukumo unaotangulia mshtuko, na kufanya tendo jingine la kuupinga mpaka upite. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2010, wenye watoto 126, ulionyesha kwamba mafunzo hayo hupunguza mishtuko. Dawa zipo pia, kwa wale ambao mishtuko inawaumiza au inawazuia kuishi. Kwa hiyo muoneni daktari, na mtajieni na wasiwasi, maana wazazi wengi hueleza shingo tu.

Mwanangu anapenda mpira, basi nilimsimulia habari za Tim Howard, kipa wa zamani wa Marekani, mwenye Tourette tangu utotoni, aliyedakia Manchester United na Everton, na aliyeokoa michomo hadi dunia ikashangaa Marekani ilipocheza na Ubelgiji kwenye Kombe la Dunia 2014. Akaniuliza, "Na wenzake walikuwa wanamcheka?" Hilo ndilo analolifikiria kila siku.

Ndiyo maana ombi langu kubwa nalipeleka kwa walimu. Kiboko hakitibu mshtuko. Mtoto akishtuka, endelea kufundisha. Darasa likicheka, likemee darasa. Na akinyamaza kwa hofu usimruke ukaenda kwa mwingine: mpe swali analolimudu, kisha umsubiri ajibu mwenyewe.