Theluthi ya Shangazi

Nilikwenda Tanga kwa siku 14, tiketi ya kurudi mkononi, na nia moja: kuuza. Shangazi alikuwa amefariki na kuniachia shamba la minazi Kigombe, njia ya Pangani. Sikulitegemea. Katika mirathi ya Kiislamu, binti wa kaka harithi wakati marehemu ana wana wa kiume. Shangazi alilitoa kwenye theluthi yake, ile ambayo mtu anaruhusiwa kumwusia asiye mrithi. Binamu zangu, mmoja Dar, mwingine Muscat, walinuna kidogo kisha wakaridhia.

Mimi huku Leicester, Uingereza, kazi yangu ni kulea wazee majumbani. Ratiba iko kwenye simu: dakika 15 kwa bibi huyu, umwoshe, umpe dawa, uandike, halafu mbio kwa mwingine. Siibezi kazi hii, maana ndiyo iliyomnunulia shangazi dawa za presha. Wala simo kwenye kundi la wanaosema ughaibuni ni jehanamu na nyumbani ni pepo. Nyumbani nilioga kwa ndoo siku nne mfululizo.

Ila Ngamiani, Barabara ya 12, kuna fundi baiskeli, jirani yake shangazi. Miaka sita huyu bwana alimpelekea maji na mkate asubuhi, na jioni akamtoa barazani apate upepo. Pesa nilizotuma ni yeye aliyezitoa kwa wakala na kwenda nazo duka la dawa. Siku ya tatu alinikabidhi kopo la maziwa limejaa risiti. Nilizijumlisha usiku kucha. Hazikupungua hata shilingi 100.

Huu ni mkoa wa Shaaban Robert, mtu angetarajia nitekwe na mashairi. Mimi nilitekwa na risiti.

Alinipeleka shambani. Mnunuzi alikuwa ameshataja bei, tena nzuri. Fundi akatembea kati ya minazi, akigonga shina moja moja. “Dada’angu, mingi imezeeka. Ukitaka kulifaidi shamba hili, panda mipya, usubiri miaka sita au saba.”

Lile neno “usubiri” lilinikera mpaka nikanyamaza njia nzima. Miaka sita! Usiku nikajiuliza Leicester nina miaka mingapi. Tisa. Nimepanda nini? Nina kitanda, televisheni na deni la kochi. Na wakati nahesabu dakika 15 za bibi wa watu, wangu alikuwa akishikwa mkono na mtu asiyelipwa na yeyote.

Sikuuza. Nilinunua miche 40, nikapanda ndege nikarudi kazini.

Sasa kwenye droo yangu kuna fomu za uraia wa Uingereza, zimejazwa nusu. Nikizimaliza, uraia wa Tanzania unakwenda, na Sheria ya Ardhi ya 1999 haimtazami asiye raia kama inavyomtazama raia. Hata hiyo hadhi maalumu ya diaspora, ya wenye asili ya Tanzania waliochukua uraia wa nje, haikurudishii uraia.

Wiki iliyopita wazee wa yule fundi walikwenda Chumbageni kwa mama, wamepeleka posa yangu. Mama aliwauliza jambo moja tu: “Mtoto wangu ataishi wapi?” Wakatazamana. Basi mama kanipigia mimi, saa kumi alfajiri kwa saa za huku, anataka jibu.