Chumvi ya Gongoni ina kemia nzima ndani yake
Kuna makala yanayodai kwamba mkongo wa intaneti na kompyuta vikifika mashuleni, Malindi itaacha kutegemea chumvi, samaki na watalii, iingie kwenye uchumi wa maarifa. Sikubaliani. Hapo Ngomeni, pwani ya kaskazini mwa Malindi, setilaiti ya Uhuru ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, ya kwanza duniani kutengwa kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei angani, na bado vijana wengi kuanzia Gongoni hadi Marereni wanakwangua chumvi. Kwa nini tusianze na hiyo hiyo chumvi? Maji ya bahari huingia bwawani yakiwa na digrii kama 3.5 za Baumé, kipimo cha uzito wa maji ya chumvi, na digrii hupanda kadiri jua linavyoyakausha. Jasi huanza kutua kwenye 13 hivi, chumvi ya kula huganda karibu na 25, na yakiachwa yapite 29 chumvichumvi za magnesiamu hushuka nayo. Ndiyo maana chumvi iliyocheleweshwa huwa chungu, ikavuta unyevu na kulowesha gunia. Dawa yake ni haidromita (kifaa kinachoelea cha kupimia digrii hizo) ya bei ndogo na mtu anayejua saa ya kufungua lango la bwawa. Yale maji machungu yanayobaki yana magnesiamu, potasiamu na bromini, mali inayohitaji maabara na fundi wa kemia, wala si gunia na koleo. Huo kwangu ndio uchumi wa maarifa. Je, wasomaji wa Magarini, mnajua chuo chochote cha ufundi hapo kinachofundisha kazi hii?