Tuache kuhesabu viini vya prosesa

Shangazi yangu anauza vitenge kwa WhatsApp. Majuzi alinunua simu mpya, na sifa ya kwanza aliyotajiwa dukani, kabla ya kamera na kabla ya betri, ni kwamba ina viini nane, yaani prosesa yake, ule ubongo wa simu, imegawanywa sehemu nane za kufanya kazi. Aliyokuwa nayo ilikuwa na vinne. Muuzaji akamhakikishia kwamba kasi imeongezeka mara mbili.

Nilikaa naye akimjibu mteja. Kidole kimeshamaliza neno zima, kioo bado kiko herufi ya tatu. Akadhani hajabonyeza vizuri, akabonyeza tena, halafu herufi zote zikamwagika kwa pamoja, nyingine zimejirudia. Akafuta, akaanza upya, na wakati huo mteja ameshaandika "basi dada, tutaongea." Shangazi akanigeukia akaniuliza taratibu kama yeye ndiye ameiharibu simu.

Hajaiharibu. Ameuziwa idadi, na idadi hiyo haikuwa jibu la shida yake. Hili linaniuma kwa sababu naliona kila siku: mtu anajinyima miezi, anaingia dukani na pesa taslimu, na kipimo pekee anachopewa ni hesabu ya viini.

Kwenye Android, kila programu ina mkondo mmoja mkuu wa kazi. Humo ndimo unapopita mguso wa kidole chako, humo ndimo kibodi inapopangiwa cha kuonyesha. Kioo cha hertz 60 kinadai picha mpya kila baada ya milisekunde 16 na ushei. Kiini kilichobeba mkondo huo kikichelewa, picha inaruka, na wewe unasema simu inakwama. Vile vingine saba vinaweza kuwa vimekaa bure wakati huohuo. Haviwezi kushika upande mmoja wa mzigo, kwa sababu mzigo wenyewe haugawanyiki. Kurasa za intaneti ni vilevile: JavaScript, msimbo unaoendesha menyu na vitufe vyake, hupita kwenye mkondo mmoja, hatua moja baada ya nyingine.

Gene Amdahl, aliyekuwa IBM, alilieleza jambo hili mwaka 1967, na hesabu yake haijapinduliwa hadi leo. Chukua kazi ambayo robo tatu yake inagawanyika na robo haigawanyiki. Ipe viini nane: kasi haifiki hata mara tatu. Ipe viini elfu moja: haitavuka mara nne, kwa sababu ile robo bado inasubiri kiini kimoja. Aliyewahi kupika pilau la shughuli anajua. Watu kumi watachambua mchele na kumenya vitunguu kwa dakika chache, lakini mchele ukishaingia kwenye sufuria, wote kumi wanasubiri. Na hapa nimesema robo tatu kwa ukarimu tu. Kazi nyingi za simu na ofisini hazigawanyiki kwa kiasi hicho.

Halafu kuna jambo ambalo wauzaji hawaligusi kabisa: viini havilingani. Muundo wa kiini uitwao Cortex-A53, ambao kampuni ya ARM waliutangaza mwaka 2012, ulibuniwa kuwa mdogo na wa kutumia umeme kidogo, na kwa lengo hilo ni muundo mzuri sana. Unatekeleza maagizo kwa foleni. Agizo moja likisubiri data kutoka kwenye RAM, kumbukumbu ya muda ya simu, yaliyo nyuma yake yanasubiri nalo. Cortex-A76 wa mwaka 2018 haukai foleni namna hiyo. Agizo moja likikwama, unachukua mengine yaliyo tayari na kuendelea nayo, na kwa kila mzunguko unaweza kupokea maagizo mengi zaidi. Kwa hiyo hata ukiviweka kwenye GHz sawa, yaani idadi sawa ya mizunguko kwa sekunde, kimoja kinamwacha mwenzake mbali. Simu yenye A53 nane na yenye A76 mbili pamoja na vidogo sita zote zitaandikwa viini nane kwenye boksi. Mnunuzi wa kawaida atajuaje?

Kumbukeni mwaka 2015. MediaTek, watengenezaji wa prosesa za simu, walitangaza Helio X20 yenye viini kumi. Mwaka huohuo Apple wakatoa iPhone 6s, prosesa A9, viini viwili vya 1.85 GHz. Viwili! Na kwa kazi ya kiini kimoja, A9 iliiacha X20 nyuma. Simpigii debe Apple, bei zao ni za kuumiza. Nasema tu kwamba jibu limekuwa mbele ya macho yetu muda wote huo.

Kwenye kompyuta za mezani ugonjwa ni uleule, ila umevaa jina la Xeon, aina ya prosesa za Intel. Mashine za mtumba kutoka maofisi ya Ulaya zinauzwa kwa sifa ya viini nane, na vijana wanazinunua kwa ajili ya uhasibu, Excel na kuandika programu. Xeon E5-2670 ni ya mwaka 2012, viini nane, wati 115. Core i3-12100 ya mwaka 2022 ina viini vinne na imepangiwa wati 60. Kiini kimoja cha i3 hiyo kina kasi kama mara mbili ya kiini cha Xeon, na hata ukijumlisha vyote, vinne vinavishinda vinane. Hapo sijagusa LUKU. Mwenye duka la kuchapa na kutoa kopi anayewasha mashine asubuhi na kuizima usiku anailipia ile tofauti ya wati kila siku ya Mungu.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba wapo wanaohitaji viini vingi. Anayehariri video za harusi na kusubiri faili itoke, anayetumia Blender, ile programu ya kutengeneza picha za 3D, anayegeuza msimbo wa programu kubwa uwe programu kamili, mwenye seva inayohudumia watu mia kwa pamoja: hao waongeze viini, watafaidika kweli. Nakubali pia kwamba watengenezaji hawakuanza kuongeza viini kwa ulaghai. Intel walifika 3.8 GHz na Pentium 4 mwaka 2004, joto likawazuia, na kufikia 6 GHz kukawachukua hadi mwaka 2023. Kiini kimoja kilikuwa kigumu kuharakishwa, kwa hiyo wakaongeza vingine, na ilikuwa sahihi. Na ndiyo, RAM ndogo na hifadhi ya eMMC, ile ya polepole, nazo hukwamisha simu.

Lakini shangazi hahariri video. Wengi wetu hatuhariri. Tunaandika ujumbe, tunafungua kurasa, tunajaza fomu, tunapiga picha ya bidhaa na kuituma kabla mteja hajakata tamaa. Kwetu sisi kiini kimoja chenye nguvu kina thamani kuliko vinane dhaifu, na ukiwa na bajeti ndogo ndiyo sababu zaidi ya kulizingatia hili, maana huna ya kununulia simu nyingine mwakani.

Ukienda dukani, usiulize viini vingapi. Uliza jina kamili la prosesa, kisha tafuta humohumo kwenye simu yako ina viini vikubwa vingapi na ni vya aina gani. Ukifungua matokeo ya Geekbench, programu ya kupima kasi ya prosesa, anza na namba ya kiini kimoja, ile ya viini vyote iangalie baadaye. Helio G99 ina A76 mbili na vidogo sita. Unisoc T606 ina A75 mbili na vidogo sita. Helio G35 ina A53 nane tupu. Zote tatu ni "viini nane." Wauzaji, andikeni jina la prosesa kwenye kile kikaratasi cha bei. Nafasi ipo.