Wili alaimenti inaanza kabla kompyuta haijawashwa

Gari likivuta upande, wengi tunakimbilia gereji yenye mashine ya kompyuta ya wili alaimenti, yaani kupima na kurekebisha pembe za magurudumu, tunalipa, tunapewa karatasi yenye namba za kijani kuonyesha kila kitu kiko sawa, tunaondoka. Muda si mrefu tairi za mbele zinaanza tena kuliwa upande wa ndani, na lawama zote zinabebeshwa barabara. Mimi naona kosa liko kwenye maandalizi: fundi ameyaruka, na mteja hakuyadai.

Kompyuta inapima gari lilivyosimama wakati ule, basi. Upepo wa tairi moja ukipungua, kona ile inalala na pembe zinabadilika. Kwa hiyo upepo ujazwe kufuata kibandiko cha mlango wa dereva, na mifuko ya saruji itoke kwenye buti, maana kulipima gari na mzigo lisioubeba kila siku ni sawa na kumpima mtu uzito akiwa na gunia begani. Kisha gari linyanyuliwe, fundi alitikise kila gurudumu. Likicheza kushoto na kulia, aanze kushuku tairodi, fimbo inayounganisha stelingi na gurudumu. Likicheza juu na chini, beringi au bolijointi, kile kiungo kinachoruhusu gurudumu kugeuka. Bushi za amu, yaani mipira ya ile mikono inayoshika gurudumu, zikiwa zimekatika, namba iliyowekwa leo inahama ukikanyaga breki tu. Fundi anayekuambia, "Bosi, badilisha tairodi kwanza ndipo urudi," wengi wanamwona anatafuta ulaji. Huyo ndiye ninayemwamini.

Halafu zije sensa za mashine, zinazosoma pembe za magurudumu. Kila kichwa cha sensa kinabanwa kwenye rimu, na rimu zetu zimeshapigwa na mashimo mengi. Ndiyo maana mashine inadai fidia: gurudumu linyanyuliwe na kuzungushwa hatua kwa hatua, au kwa mashine za 3D gari lisukumwe kidogo nyuma na mbele, ili kompyuta ijue mpindo wa rimu na kuutoa kwenye hesabu. Fundi akibofya kuruka hatua hiyo, mpindo wa rimu unasomeka kama kosa la gari, naye anakwenda kulegeza nati za tairodi iliyokuwa sawa. Milimita si jambo dogo hapa. Tairi lenye kipenyo cha milimita 650 hivi, ukingo wake wa mbele ukiingia ndani milimita 3 kuliko wa nyuma, linaburuzwa pembeni karibu mita 4 na nusu kwa kila kilomita. Hesabu safari ya Dar hadi Morogoro.

Vichwa vyenyewe navyo vinahitaji kukalibretiwa, yaani kuhakikiwa na kusahihishwa usomaji wake, hasa kimoja kikidondoka sakafuni. Kipimo chake ni rahisi: pima, vua vichwa, vifunge upya, fanya fidia, pima tena. Namba zikipishana sana, mashine hiyo isiguse gari la mtu. Fundi anayepima kwa kamba tu lakini aliyekagua bushi namheshimu kuliko mwenye skrini kubwa ya kompyuta ambaye hakuinama chini ya gari.

Na mambo yanazidi kuwa nyeti. Toyota ilianza kuweka Toyota Safety Sense, mfumo wa kusaidia kuepusha ajali, mwaka 2015, na Kenya hairuhusu kuingiza gari la mtumba lililozidi miaka 8. Kwa hiyo gari linaloshushwa Mombasa leo linaweza kuwa na kamera nyuma ya kioo cha mbele na rada nyuma ya nembo. Pembe za magurudumu ya nyuma zikiguswa, mstari ambao gari linaufuata unahama, na kamera haina habari. Sensa ya pembe ya stelingi irudishwe sifuri, na kamera ikalibretiwe kama mtengenezaji anavyoagiza, mara nyingi kwa ubao wa shabaha kwenye sakafu iliyo sawa na umbali uliopimwa. Kukata waya wa taa ya onyo kwenye dashibodi ni kuhatarisha roho za watu.

Kinachowafanya mafundi waruke hatua hizi ni pesa. Bei moja inalipa kila kitu, foleni ni ndefu, na gari lililorudishwa kwa sababu ya bushi haliwaingizii kitu. Gereji zitoze ukaguzi peke yake, hata alaimenti isipofanyika siku hiyo, na zitoe karatasi mbili, ya kabla na ya baada. Mimi nitalipa bila kubishana.