Makaburi yetu yawe bustani kabla hayajawa viwanja

Wamepanda tena vigingi makaburini. Makaburi ninayosema mnayajua, wana-Bukavu, hata nisipoyataja. Wanaume wawili wenye utepe wa kupimia walipita katikati ya misalaba, na mama mmoja anayelima maharagwe pale pembeni akawauliza wametumwa na nani. Wakamjibu kwamba karatasi ziko. Karatasi! Katika mji huu parseli moja, yaani kiwanja kimoja, inaweza kuwa na karatasi za watu watatu, na zote zina mihuri.

Shangazi yangu amelazwa pale. Msalaba wake wa mbao uliliwa na mchwa zamani, tunamtambua kwa mti wa avoka. Familia nyingi ziko hivyo: kaburi halina jiwe, lina alama ambayo mzee mmoja tu nyumbani ndiye anaijua.

Pale London, katikati ya mji, kuna makaburi ya kale yanayoitwa Bunhill Fields. Walizika pale tangu 1665 mpaka 1854, watu kama 120,000, katika eneo lisilofika hekta mbili. Yakafungwa, na mwaka 1869 yakafunguliwa kama bustani ya watu wote. Leo wafanyakazi wa ofisi za jirani wanakula chakula cha mchana chini ya miti, na karibu nao wamelala waandishi Daniel Defoe na John Bunyan. Mshairi William Blake naye yumo. Alizikwa 1827 katika kaburi la pamoja, na kwa miaka mingi hakuna aliyejua mahali pake hasa. Wakafukua daftari za mazishi, wakapima, na mwaka 2018 jiwe likawekwa juu yake. Miaka 191 ilikuwa imepita, na bado alipatikana! Alipatikana kwa kuwa ardhi ilikuwepo na majina yalikuwa yameandikwa.

Sisi tunadhani makaburi yanaibiwa siku ya vigingi. Hapana. Yanaibiwa tangu pale tunapoacha kwenda. Nyasi zinapanda, wavuta bangi wanahamia, akina mama wanaogopa kupita jioni, na baada ya miaka mtu anasimama mbele ya meza ya ofisi anasema pale ni pori tu. Hakuna wa kumpinga, kwani hata sisi wenye wafu wetu tulishapaita pori. Lakini mahali ambapo wanafunzi wanasoma kivulini, wazee wamekaa kwenye mabenchi, njia imefagiwa na mlinzi yuko getini, mtu atapanda kigingi saa ngapi? Nani atanyamaza?

Sheria ya ardhi ya Kongo yetu ya 1973 inasema ardhi ya matumizi ya umma haigawiwi mtu mpaka iondolewe rasmi katika matumizi hayo. Ndiyo maana wenye vigingi wanangoja mazishi yasimame, ili waseme makaburi hayatumiki tena. Waingereza waliziba tundu hilo mwaka 1884: walikataza kujenga juu ya makaburi yaliyofungwa, isipokuwa kupanua kanisa. Sisi tunangoja nini?

Wazee wanasema kukaa na kupumzika juu ya wafu ni kuwakosea heshima. Mama yangu mwenyewe hataki kusikia habari ya benchi. Sawa, basi kusiwe na mpira, bia wala muziki, na benchi zikae njiani, mbali na makaburi. Lakini jamani, choo cha mtu kikichimbwa juu ya kifua cha shangazi, heshima iko wapi?

Ndiyo, watu hawana pa kujenga, na vita vya vijijini vimejaza mji. Nalikubali hilo. Ila nionyesheni mkimbizi mmoja aliyepewa kiwanja makaburini. Pale wanajenga wenye dola. Na miti ile ikikatwa, mlima utashuka na mvua kama tulivyoona kwingine hapa mjini.

Kabla ya ukuta na geti, majina yaandikwe. Wanaojua nani amelazwa wapi bado wako hai, wengine Bagira, wengine Kadutu, wengi wao hawana tena nguvu za kupanda kilima. Mwenye mzazi wa namna hiyo amchukulie pikipiki wiki hii, aende naye na daftari, aandike jina, mwaka, na mti au jiwe lililo karibu. Parokia na makanisa yetu nayo yafungue daftari zao za mazishi, ili tukienda mbele ya wenye karatasi, na sisi tuwe na zetu.