Kipimo cha gobori kijaribiwe alfajiri au wakati wa upepo?

Kiangazi kikishaingia Katanga, kuanzia mwezi wa tano, upepo wa kusini-mashariki hauna mchezo. Kufika mwezi wa nane vumbi linakatisha dembo, lile bonde la majani lisilo na miti, mchana kutwa. Ni majira hayohayo ambayo majani yamekauka au yamechomwa moto, mnyama anaonekana kwa mbali, na mwenye gobori, bunduki ya kushindilia baruti na risasi kupitia mdomo wa mtutu, anaanza kutamani kupiga mita tisini badala ya arobaini alizozoea.

Hapo wawindaji wenye bunduki za kushindilia hugawanyika. Kuna wanaoshika kwamba kipimo cha baruti na aina ya risasi vijaribiwe alfajiri, hewa ikiwa imetulia, ili bunduki yenyewe ijieleze bila kuvurugwa na upepo. Kuna wanaojibu kwamba swala hasubiri hewa itulie, kwa hiyo jaribio la alfajiri ni la kujifurahisha tu. Mimi niko karibu zaidi na hawa wa pili, ingawa sababu yao haijanitosha. Wao husema mtu azoee upepo. Kwangu jambo kubwa ni kwamba upepo unaweza kugeuza kabisa orodha ya vipimo, kile kilichokuwa bora alfajiri kikawa cha mwisho mchana.

Tuanze na jinsi upepo unavyofanya kazi, maana wengi hulielewa nusunusu. Watu hudhani risasi inasukumwa kwa kadiri ya muda inaokaa hewani. Kinachohesabika ni kuchelewa kwake. Chukua muda halisi inaotumia kufika, utoe muda ambao ingetumia kama hewa isingeipunguza mwendo, kisha tofauti hiyo uizidishe kwa kasi ya upepo wa ubavuni. Risasi inayotunza mwendo wake huchelewa kidogo, hivyo huyumba kidogo. Inayopoteza mwendo haraka ndiyo mtumwa wa upepo.

Na goroli, yaani risasi ya mviringo, hupoteza mwendo vibaya sana. Tuseme goroli ya kama milimita 12.5, uzito wa gramu 11 na nusu hivi, inatoka mtutuni kwa mita 550 kwa sekunde. Ikifika mita 90 imebaki na mita kama 320 kwa sekunde, na theluthi mbili ya nguvu yake imekwisha. Upepo wa ubavuni wa kilomita 16 kwa saa, ule wa kutikisa vitawi vidogo tu, utakuwa umeipeleka pembeni sentimita 6 hivi kwenye mita 45, lakini karibu sentimita 25 kwenye mita 90. Umbali umeongezeka mara mbili, mkengeuko umeongezeka mara nne. Sentimita 6 bado uko ndani ya kifua cha swala mdogo. Sentimita 25 umempasua tumbo, na utamfuata porini mpaka giza, kama utampata.

Jibu la kwanza la mwindaji ni kuongeza baruti. Hapa ndipo jaribio la alfajiri linapodanganya. Baruti ikiongezwa, njia ya goroli hunyooka, inashuka kidogo zaidi, na kwenye karatasi ya asubuhi mtu anaona faida. Ila dhidi ya upepo faida hiyo karibu haipo: goroli ileile ikitoka kwa mita 400 kwa sekunde hukengeuka kwenye mita 90 karibu sawa na ile ya 550. Sababu ni kwamba hewa huzuia kwa ukali zaidi kitu kinachoizidi sauti mwendo, yaani zaidi ya mita 340 kwa sekunde hivi, kwa hiyo mwendo wa ziada unaulipia kwa kuchelewa zaidi. Wapigaji wa bunduki ndogo za .22 wanalijua hili siku nyingi: risasi yao ya mwendo wa kawaida huyumba kidogo kuliko ile ya kasi. Basi mtu anaweza kuchoma baruti nyingi, akaumiza bega, akachafua mtutu, na upepo ukamtendea vilevile.

Kinachosaidia kweli ni umbo. Risasi ndefu yenye ncha hupasua hewa vizuri kuliko goroli, na kwa umbali uleule inaweza kukengeuka kama theluthi moja tu. Lakini risasi ndefu inahitaji mifereji ya ndani ya mtutu iliyojipinda kwa haraka ili iizungushe vya kutosha. Magobori ya goroli huwa na mpindo wa taratibu, mzunguko mmoja katika inchi 48 au 66, wakati bunduki za kisasa za kushindilia zina mzunguko mmoja katika inchi 28. Ukitia risasi ndefu kwenye mtutu wa goroli itapepesuka, upepo uwepo usiwepo.

Wanaotetea masafa marefu wana historia nzuri mkononi. Mwaka 1860, kule Wimbledon, Malkia Victoria alifyatua bunduki ya Whitworth ya kushindilia, iliyofungwa kwenye kiegemeo, ikapiga sentimita 3 hivi kutoka katikati ya shabaha iliyokuwa mbali yadi 400. Mwaka 1874, kwenye uwanja wa Creedmoor karibu na New York, timu ya Ireland ilitumia bunduki za kushindilia kwa yadi 800, 900 na 1,000 dhidi ya Wamarekani wenye bunduki za kupakia kwa nyuma, ikashindwa kwa pointi tatu tu, 934 kwa 931. Kwa hiyo anayesema gobori haliwezi kufika mbali hasemi kweli. Ila ile shabaha haikutembea, umbali ulijulikana kwa kipimo, na risasi ikienda pembeni iliharibu hesabu ya pointi, haikumwacha mnyama na jeraha.

Sasa hoja nzito ya watu wa alfajiri, ambayo wapinzani wao huipita haraka. Mchana wa kiangazi hauleti upepo peke yake. Unaleta pia ukavu, na masizi ya baruti nyeusi katika hewa kavu hukauka yakawa kama ukoko ndani ya mtutu. Risasi ya pili inashuka kwa shida, ya tatu mdeki, ile fimbo ya kushindilia, unakwama, mtu anashindilia kwa nguvu tofauti kila mara, na matundu kwenye karatasi yanatawanyika. Yeye anasema ni upepo. Kumbe sehemu kubwa ni masizi. Hapo nawakubalia kabisa: asiyefuta mtutu kwa kitambaa chenye unyevu baada ya kila mlio hana haki ya kuulaumu upepo.

Lakini dawa ya hilo ni kufuta mtutu, haihitaji kurudi alfajiri. Na upepo unaobadilikabadilika una dawa yake pia, ambayo naiona bora kuliko ubishi wote: tundika karatasi mbili kando kwa kando, upige kipimo cha kwanza kwenye hii, cha pili kwenye ile, kwa zamu, mpaka kila karatasi ipate matundu kumi. Upepo ukipanda au ukishuka unavigusa vipimo vyote viwili. Kisha usiangalie ukubwa wa mtawanyiko tu, angalia unaelekea wapi. Matundu yaliyotawanyika juu na chini yanasema mwendo wa risasi haulingani, yaani upimaji wa baruti au ushindiliaji una kasoro. Yaliyotawanyika kulia na kushoto yanasema habari za upepo. Kwa matundu matatu, kama wengi wanavyofanya, hutajua lolote. Matatu hukaa pamoja kwa bahati tu.

Kwetu kuna jambo la mahali pia. Vile vichuguu vikubwa vya Katanga, ambavyo wengi huvitumia kama ukuta wa kuzuia risasi, vinapindisha upepo pembeni mwake. Majani yaliyo mbele ya kichuguu yanaweza kulala upande huu wakati moshi wa baruti yako unaelekea upande ule. Uamini moshi wako kwanza, kwa sababu upepo ulio karibu na mpigaji hupindisha safari yote iliyobaki, na ule wa karibu na shabaha unapata mita chache tu za kufanyia kazi. Majedwali mengi ya Kimarekani ya mkengeuko wa risasi yamehesabiwa kwa hewa ya pwani. Lubumbashi iko mita 1,200 hivi juu ya bahari, hewa yake ni nyepesi kwa takriban sehemu moja ya kumi, kwa hiyo mkengeuko hupungua kidogo. Kidogo tu, asije mtu akajengea juu yake ujasiri.

Wanaolalamikia gharama wana haki. Milio ishirini kwa jaribio moja ni baruti ambayo mwindaji wa kijijini angeitumia muda mrefu, na mtu anayepiga kwa mita 35 ndani ya miti ya miombo, ambako upepo unakatwa na matawi, hana sababu ya kuichoma. Wa kufanya hivyo ni yule anayetaka kupiga kutoka ukingoni mwa miti kwenda katikati ya dembo, ambako yeye amejikinga lakini risasi haina kinga.

Na haya yote hayahusu zile bunduki za mafundi wa vijijini wanazoziita pupu, zenye mtutu wa bomba usio na mifereji na chuma ambacho hakuna aliyekikagua. Kuzijaribu kwa vipimo vinavyopanda hatua kwa hatua ni kutafuta mahali mtutu utakapopasukia, na kutia humo baruti iliyotolewa kwenye risasi za kisasa ni kulipata mahali hapo siku ya kwanza. Mwenye pupu asogee karibu na mnyama, au aache.