Kiti Kimekuja, Fundi Je?

Mjomba wangu aliletewa kiti cha magurudumu na watu waliokuja kwetu Mishomoroni, Mombasa, kwa magari mawili, bango na mpiga picha. Alipigwa picha mpaka akachoka. Mwezi wa tatu haukwisha, kile kigurudumu cha mbele kikavunjika kwenye mchanga wa uchochoro wetu. Tukaizunguka Kongowea nzima tukitafuta cha kufanana nacho. Wapi! Kiti sasa kiko barazani, mkaza mjomba anaanikia mito.

"Mwanangu," mjomba aliniambia, "kile kilikuwa kiti cha picha."

Tangu hapo kila mradi wa watu wenye ulemavu naupima kwa swali moja: magari yakishaondoka, nani anabaki?

Bombolulu wamebaki. Ukivuka daraja la Nyali ukishika njia ya Malindi, haziko mbali zile karakana zilizoanzishwa 1969 na zinazosimamiwa na APDK, chama cha watu wenye ulemavu wa viungo kilichokuwapo tangu 1958. Humo watu wanatengeneza mikufu, mikoba ya ngozi, nguo na vinyago. Wageni husifu ufundi, nami pia nausifu, lakini ninachokipenda zaidi ni kwamba mtu anatoka nyumbani asubuhi, anarudi jioni amechoka, na njiani anamsengenya msimamizi wake. Kumsengenya msimamizi nako ni heshima. Asiye na kazi hana wa kumsengenya.

Tatizo ni kwamba mkufu unamngoja mtalii. Mwaka 2020 tuliona hoteli za pwani zilivyofunga milango, na anayeishi kwa kumuuzia mgeni alijionea. Ndiyo maana nasema mnunuzi wa kwanza awe serikali yetu wenyewe. Sheria ipo: asilimia 30 ya zabuni za umma zimetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Lakini mpaka uandikishe kampuni, upate vyeti na ujaze fomu kwenye mtandao, fundi cherehani kiziwi asiye na mkalimani wa lugha ya ishara ofisini atakuwa ameshakata tamaa. Kikundi cha mtaani kikipata mtu mmoja tu wa kuwashughulikia wenzake makaratasi, hilo kwangu lina faida kuliko mabango kumi.

Halafu kuna usafiri, na hapa nina hasira. Inua Jamii, mpango wa serikali wa fedha za kujikimu, huwapa wenye ulemavu mkubwa shilingi 2,000 kwa mwezi. Mama mwenye mtoto asiyeweza kukaa anatakiwa ampeleke kunyooshwa viungo kila wiki. Makanga akikiona kiti anagonga bodi, twende! Inabaki tuktuk ya kukodi, kwenda na kurudi. Piga hesabu mwenyewe uone zile elfu mbili zinafika tarehe ngapi. Wa ng'ambo ya Likoni ana mteremko wa feri juu yake, ule unaowatoa jasho hata wasukuma mikokoteni. Kwa hiyo mhudumu wa utengamao anayekuja nyumbani, akamfundisha mama kumnyoosha mwanawe mkekani, amemwokolea nauli na siku nzima ya kuuza mahamri.

Sisemi watu waache kuleta viti. Waleteni, ila kwanza mkaulize kwa fundi baiskeli wa mtaa huo ana spea gani. Kila mtaa wa Kisauni una fundi wake chini ya mti, ana tyubu, spoku na gundi. Mfunzeni huyo wiki moja, mwachieni vifaa, na mlete viti vyenye magurudumu anayoyajua.

Fundi wa mtaa wetu alipokiona kiti cha mjomba alicheka, akasema kigurudumu kile hata akikiombea dua hakirudi. Sasa anamuundia baiskeli ya magurudumu matatu ya kuendeshwa kwa mikono. Fremu imeshachomelewa. Bado mnyororo.